Hodi Isiyoitikiwa

Pafu la Namkunda lilikuwa na adabu kuliko watu wengi wa Mwanduru. Kila asubuhi, kabla mtoto hajafumbua macho vizuri, lilisalimia, likataja hali ya betri, kisha kwa sauti ileile ya upole likasema kwamba mfumo wa kompyuta ya nyumba hii umepitwa na wakati, na kwamba Ijumaa jua likizama halitapokea tena amri zake. Tafadhali pandisha mfumo. Siku njema.

"Linasema nini leo?" Namkunda aliuliza, ingawa alikuwa amesikia kila neno.

"Linasema uamke unywe uji," mama yake alimjibu.

Mtoto alicheka kidogo, kicheko cha kubana matumizi, maana kila kicheko kilikula pumzi. Alikuwa na miaka kumi na moja. Pafu lilimkaa kifuani kama mkanda mpana, mrija wake ukiingia chini ya koo. Lilikuwa jipya. La zamani lilikufa kiangazi kilichopita, hospitali ya tambarare ikampa hili na kumwambia mama yake ana bahati, ni toleo la karibuni. Bahati hiyo ndiyo iliyowafikisha hapa. Pafu la karibuni lilitaka kompyuta yenye mfumo wa karibuni, na lilikuwa limekubali kuongozwa na mfumo wa zamani kwa muda wa hisani tu. Leo ilikuwa Alhamisi.

Nakijwa, mama mtu, alikwenda kufungua mashine yake ya kusaga, iliyokuwa chumba cha pili cha nyumba hiyohiyo. Kompyuta ilikaa kwenye rafu, imefunikwa kanga ili unga usiingie. Alikuwa mjane, vumbi la tambarare lilimchukua mumewe mwaka uleule lilipomtafuna mtoto mapafu. Hakuwa mtu wa kulialia. Alikuwa mtu wa kukasirika, na asubuhi hiyo aliukasirikia mkanda wa mashine, akawakasirikia wateja, akalikasirikia hata jua kwa kuwa huwa linazama.

Wasiotoka huku hushangaa kompyuta ya mashine ya kusaga inahusiana vipi na kifua cha mtoto. Mapafu yaliyotafunwa na vumbi hayavuti hewa kwa kipimo kimoja. Kila pumzi lazima ipigiwe hesabu upya: kiasi gani, kwa nguvu gani, ikome wapi. Mgonjwa akiwa ametulia, kompyuta moja kuukuu inatosha. Kifua kikibana, hesabu huongezeka mara mia, kompyuta kuukuu hukwama, na mtu hukata roho huku mashine bado inafikiri. Tulizika wengi kwa namna hiyo kabla Mwalimu Mbonea hajakumbuka msaragambo.

Msaragambo ni kazi ya wote. Pembe ikilia, kila nyumba hutoa mtu na jembe, mfereji ukazibuliwa. Mwalimu Mbonea, aliyefundisha hesabu mpaka mapafu yake nayo yakakataa, aliandika programu iliyozifanya kompyuta zetu zote kuwa majirani. Mgonjwa akizidiwa, kompyuta yake hupiga pembe, na ile ya shule, ya ghala la tangawizi, ya kwaya, ya mashine ya kusaga, kila moja huacha shughuli yake ikaenda kubeba hesabu za yule aliyebanwa. Kufumba na kufumbua zimefika. Wagonjwa wetu watano waliishi kwa msaragambo huo: Namkunda, Mwalimu mwenyewe, na watatu waliolazwa zahanati.

Kupitisha sheria zake kulichukua msimu mzima wa maharage. Wapare tunajulikana, mtu yuko radhi auze ng'ombe aendeshe kesi ya kuku. Tulikubaliana kwamba nyumba yenye msiba haipigiwi pembe. Tulikubaliana kwamba anayetaka kujitoa aage, kamati ikae, impe ruhusa. Tulipofika kwa yule atakayenyamaza bila kuaga, nusu ya kikao walitaka faini. Mwalimu alikataa. Alisema tangu zamani asiyetokea kwenye msaragambo hutazamwa kwanza nyumbani kwake, labda ameanguka, labda anaumwa, mengine ni baadaye. Basi ikawa hivyo: kompyuta ikinyamaza bila kuaga, kompyuta wenzake ziende zikabishe hodi mpaka iitikie. Tukapiga makofi, tukanywa chai.

*

Mchana alikuja Elifuraha, mdogo wa marehemu mume wa Nakijwa na fundi wa zahanati. Alikuwa ametafuta kompyuta nyingine kila mahali anapofahamika, na kote alikuwa amepewa pole. Malori hayapandi mlimani mpaka mvua za masika zilaze vumbi, na masika bado. Kati ya kompyuta zetu zote, ni ya mashine ya kusaga tu iliyokuwa na nafasi ya kubeba mfumo mpya. Nyingine zingeumeza zikapasuka. Na hiyohiyo ndiyo iliyokuwa na nguvu kuliko wenzake. Kwenye kila pembe ndiyo iliyobeba mzigo mkubwa.

Nakijwa alimuuliza kama haiwezi kuwa na mifumo yote miwili.

"Haiwezi, shemeji. Mfumo mpya unamsikiliza mwenye nyumba peke yake. Jirani kwake ni mwizi."

Alimweleza mengine huku akitazama unga sakafuni. Nakijwa akijitoa kwa kuaga, programu itawagawia waliobaki mzigo upya. Watakaza, na huenda wakafika masika, alimradi vifua viwili visibane kwa wakati mmoja. Vikibana viwili, mmoja watamkosa.

"Na kamati ikikataa?"

Elifuraha alisema kamati ni watu, watasikia. Nakijwa aliwajua watu hao. Kikao kikiitwa leo, kesho bado wangekuwa wanabishana nani alichelewa kufika, na jua halingojei akidi. Na hata wakikubali, wangekubali kwa macho gani? Angepita vipi mbele ya wale watatu wa zahanati?

Shemeji yake alitoa flashi mfukoni akaiweka juu ya debe la mahindi. Ilikuwa ndogo kama kidole cha mtoto, na mfumo wote mpya ulikuwa humo.

"Siwezi kukwambia umwache mtoto wa kaka," alisema. "Na siwezi kukwambia uwaache wale, nawaosha kila siku. Nimeleta tu. Lakini uage, shemeji. Nenda hata kwa Mwalimu peke yake, yeye atajua la kufanya."

*

Nyumba ya Mwalimu Mbonea iko ng'ambo ya mfereji, hatua chache kutoka kwa Nakijwa. Alikwenda jioni hiyo akiwa ameyapanga maneno yake tangu jikoni. Alimkuta mzee kibarazani anapukuchua maharage na mkewe, Mama Nanzighe, pafu la zamani la mzee likilalamika kifuani kama mlango usiotiwa mafuta. Kompyuta yake ilikuwa mezani nyuma yake, ndani ya mlango ulio wazi.

Mwalimu alimchokoza kama kawaida yake. Alimuuliza kama mashine ya kusaga leo imemfukuza, au amekuja kumlipa hesabu alizomfundisha darasa la tano, maana hajaona faida yake. Nakijwa alicheka pale ilipopasa kucheka. Alikaribishwa kigoda, akakaa, akachukua maharage akaanza kupukuchua naye. Maneno yake yalikuwa mdomoni, yamebaki kutoka tu.

"Juzi kifua kilinibana," Mwalimu alisema. "Nikaisikia kompyuta yako inakuja."

"Unazijua, Mwalimu?"

"Nazijua zote. Ya shule inakuja na haraka, inavuta pumzi kama mtoto anayekimbia. Ya kwaya inachelewa. Yako inakuja na mkono mzito, inanishika hapa, inasema pumua. Nikiisikia hiyo najua sifi leo." Akaendelea kupukuchua. "Kama mwenyewe. Haina maneno mengi."

Maneno ya Nakijwa yalirudi tumboni. Alihisi hasira, na haikuwa hasira ya kumkasirikia mzee. Alikasirika kwamba mtu mwema namna hii ndiye aliyekaa kati yake na mtoto wake. Angekuwa mtu mbaya ingekuwa rahisi. Mama Nanzighe akamuuliza kama kuna jambo lililomleta, na Nakijwa akasikia mdomo wake mwenyewe ukisema amekuja kuomba chumvi.

Alipewa chumvi kwenye kipande cha karatasi. Mwalimu alimtazama kwa muda mrefu kidogo kuliko inavyotazamwa chumvi.

"Ukikumbuka kingine, rudi," alimwambia. "Mlango ni uleule."

Nyumbani Nakijwa aliimimina ile chumvi kwenye mkebe uliokuwa umejaa chumvi mpaka ukingoni, nyingine ikamwagika.

*

Ijumaa baada ya adhuhuri aliwaambia wateja mkanda umekatika, akafunga mlango. Namkunda alikaa kwenye kiti chini ya rafu. Elifuraha alikuwa amewafundisha: kompyuta ikiwa inabadilishwa, pafu litaendesha pumzi ya akiba, ya kipimo kimoja, kwa muda mfupi. Mtoto asiongee. Asisimame. Asiogope, kama hilo linaagizika.

Nakijwa aliichomeka flashi. Kabla ya kitu chochote, programu ya msaragambo ikajitokeza kwenye kioo, kwa lugha ya Mwalimu, ikauliza: Jirani, unaondoka? Aga kwanza, tuiite kamati. Chini yake kulikuwa na sehemu mbili za kugusa. Moja ilisema Naaga. Nyingine ilisema Endelea bila kuaga, na iliandikwa kwa herufi ndogo, kama kitu ambacho mwandishi hakutarajia mtu akiguse.

Alitazama dirishani. Jua lilikuwa bado juu, lakini lilikwisha kuinama. Alimtazama mtoto. Alijiambia kwamba wataitafuta kidogo, wataona kimya, watarudi kwenye kazi zao, kisha kesho yeye mwenyewe atakwenda kuwaeleza watu wote mmoja mmoja, hata wamtukane. Akagusa herufi ndogo.

Mfumo wa zamani ulifutika. Uliokuwa ukijua uzito wa kila gunia la Mwanduru na kila kifua, ulifutika kwa muda usiotosha kuchambua mchele. Mfumo mpya ukaanza kupanda, mstari wa bluu ukitambaa kwenye kioo. Ulitambaa, ukasimama. Kioo kilisema usizime kompyuta. Namkunda alishika mikono ya kiti, midomo yake ikaanza kupauka. Nakijwa alimwomba Mungu, kisha akamtukana aliyeutengeneza mstari ule, kisha akaomba tena. Mstari ukasogea.

Ulipofika mwisho, mfumo mpya ulimkaribisha kwa furaha. Uliuliza yuko nchi gani. Uliuliza anapenda lugha ipi, na Kiswahili kilikuwa chini kabisa, baada ya lugha ambazo hajawahi kusikia. Ulimpa masharti marefu kama kitabu cha Hesabu cha Agano la Kale, akayakubali yote. Ulitaka kumpiga picha ya uso. Ulimtaka achague picha nzuri ya kupamba kioo: ufuko, theluji, au maua. Mtoto alikuwa anafungua na kufunga mdomo bila sauti. Nakijwa alichagua theluji kwa ngumi.

Ndipo pafu likaita. Mfumo ukaitika. Pumzi ya kwanza iliingia kifuani mwa Namkunda, ndefu, laini, ikafika chini kabisa ambako hewa haikuwa imefika tangu baba yake akiwa hai.

"Mama," alisema, na hakusimama hapo, "mama haiumi, hata nikisema maneno mengi haiumi, sikiliza, ninaweza kusema yote bila kupumzika."

Nakijwa alikaa chini kwenye unga, akamwambia aseme. Akasema, kuhusu shule, kuhusu paka wa ghala, kuhusu theluji kwenye kioo. Mama yake alisikiliza kila neno. Hakuna furaha iliyowahi kumfikia kama hiyo, na ilidumu kwa muda wa kuchemsha chai.

*

Maandishi madogo yalitokea pembeni mwa kioo. Mgeni asiyejulikana anabisha. Amezuiwa.

Yakaja tena. Kisha yakaja yakifuatana, kisha yakawa hayasomeki kwa wingi. Feni ya kompyuta ilianza kupiga kelele. Kila mgeni aliyezuiwa aliila kompyuta akili kidogo, na wageni walikuwa hawaishi. Pumzi ya Namkunda ilichelewa. Akaacha kusema katikati ya neno, akamtazama mama yake.

Kutoka ng'ambo ya mfereji mtu alianza kupiga sufuria, harakaharaka, kama tunavyopiga nyumba ikishika moto. Ilikuwa kwa Mwalimu.

Simu ikaita. Elifuraha hakusalimia.

"Shemeji, uliaga?"

"Sikuaga."

Alisikia Elifuraha akivuta hewa. Nyuma yake muuguzi alikuwa akihesabu kwa sauti, moja, mbili, vuta, moja, mbili.

"Zimekuja kwako zote, hata ya hapa zahanati," alisema. "Zimewaacha wagonjwa zinabisha hodi kwako. Zinadhani umeanguka. Sisi hapa tunasukuma kwa mkono, tuko wawili na wagonjwa ni watatu. Ziitikie, shemeji."

"Kwa mdomo gani? Si ulisema hii ya sasa haina jirani?"

"Zitachoka lini?" Nakijwa aliuliza tena.

"Hazichoki," Elifuraha alisema. "Hatukuziambia zibishe mara ngapi."

Hatukuziambia. Kila mtu wa huku anajua hodi ni tatu. Ukibisha ya tatu usiitikiwe, unarudi ulikotoka. Mtoto anazaliwa analijua. Kwa sababu kila mmoja wetu alilijua, hakuna aliyelisema kwenye kikao, na Mwalimu hakuliandika. Nani angekaa ndani ya nyumba yake akaacha kuitikia hodi? Hata mwenye deni huitikia, ingawa humtuma mtoto aseme baba hayupo.

Elifuraha alizungumza upesi. Nakijwa akirudisha mfumo wa zamani, itachukua muda uleule, na pumzi ya akiba ya mtoto imekwisha. Akizima kompyuta, mtoto amekwenda na hodi zitaendelea. Aende kwa Mwalimu, ndiye aliyeandika. Kama kuna njia, anaijua yeye.

Nakijwa alimshika Namkunda mashavuni. Alimwambia apumue na pafu, asishindane nalo, anarudi. Mtoto alimng'ang'ania kanga. Ilibidi amfungue vidole, kimoja kimoja, na hilo alilifanya, na akatoka mbio.

*

Mama Nanzighe alikuwa ameiacha sufuria, amemkumbatia mumewe kwa nyuma, anambana mbavu na kumwachia. Mwalimu alikuwa rangi ya majivu. Pafu lake kuukuu lilipiga kipimo kimoja kisichomwenea, likisubiri wenzake waliokwenda kumtafuta jirani. Alipomwona Nakijwa mlangoni, macho yake yalifunguka. Hayakuwa macho ya kulaumu. Alikuwa kama mtu aliyemsubiri mgeni akafika.

"Mwalimu, nimewaua. Niambie nifanye nini."

Hakuwa na pumzi ya neno. Alinyoosha kidevu kuelekea kompyuta yake mezani. Nakijwa aliufungua ukurasa wa msaragambo, akapitisha kidole juu ya kila kitu kilichoandikwa pale huku akimtazama. Faini, kidevu hakikusogea. Kuaga, hakikusogea, la kuaga lingehitaji kamati. Msiba. Kidevu kikashuka.

Alielewa. Nyumba yenye msiba haipigiwi pembe, wala haibishiwi hodi na mashine. Hufikiwa na watu, kwa miguu.

Aligusa. Programu ikauliza ni nyumba ipi, akajibu. Ikataka kidole cha mtangazaji, kwa kuwa habari ya msiba hutolewa na mtu wa nyumba yenyewe, hilo nalo tulilipigania wiki nzima. Akaweka kidole. Ikamtambua, ikamwita kwa jina lake, kisha ikauliza jina la marehemu. Haikumpa nafasi ya kubuni. Iliwajua watu wa kila nyumba. Ya Nakijwa ilikuwa na watu wawili, na anayetangaza hawezi kuwa ndiye aliyekufa.

Lilibaki jina moja kwenye kioo. Namkunda.

Mama wa huku hatamki kifo cha mwanawe hata kwa mzaha. Akiteleza ulimi hutema mate chini, akafuta kwa mguu. Nakijwa alisimama mbele ya jina lile, mkono ukigoma. Alijua ni programu tu. Alijua pia kwamba ng'ambo ya mfereji mtoto anabanwa dakika hiyo, na kwamba anaweza kuwa anaandika ukweli. Kama mtoto amekwisha kukata roho, basi ni mkono huu utakaokuwa umemwandika.

Nyuma yake Mama Nanzighe alisema kwa sauti ya chini, "Nakijwa, mwanangu, chochote hicho, fanya."

Akagusa jina. Akatema mate sakafuni mwa watu, akafuta kwa mguu.

Programu ilijibu kwa maneno ambayo Mwalimu aliyaandika siku nyingi, akidhani yatawafaa wengine. Pole sana. Tunakuja.

Taa ya kompyuta ikabadilika. Pafu la Mwalimu lilinyamaza, kisha likavuta, pumzi ya kweli, ya kipimo chake. Mama Nanzighe alisema linafanya kazi, linafanya kazi, asante Mungu. Nakijwa hakubaki kuona zaidi. Alikuwa ameshavuka mfereji.

*

Kioo kilikuwa kimetulia. Theluji ilikuwa nyeupe, haina mgeni. Namkunda alikuwa sakafuni, ameegemea gunia, amelowa jasho, na kifua chake kilikuwa kinapanda na kushuka taratibu. Nakijwa alimpakata ingawa mtoto alikwisha kuwa mkubwa wa kupakatwa. Alimnusa shingo. Alilia sasa, kwa kelele, bila kujali nani anasikia.

Ndipo pembe ya msiba ikaanza, kwenye kompyuta ya shule, kisha ghalani, kisha kwenye kwaya, mpaka mlima mzima ukawa unalia.

"Nani amekufa?" Namkunda aliuliza.

Mama yake alimfuta jasho usoni.

Walikuja upesi, kama tunavyokuja. Wanawake walitangulia na unga na maharage, wakilia tangu njiani, wengine wakilitaja jina la mtoto. Wanaume walileta kuni. Mzigo wa kwanza ulitupwa uani, ukafuata wa pili. Mlango ukafunguliwa, na kilio kikakatika palepale, kwa sababu marehemu alikuwa amekaa kwenye gunia anawaamkia.

"Shikamooni," Namkunda alisema.

Hakuna aliyeitikia. Mwenyekiti wa kamati, mzee ambaye hajawahi kukosa neno, alivua kofia akaivaa tena. Nakijwa alisimama. Aliwaambia alichofanya, kwa maneno machache: kwamba alipandisha mfumo, kwamba hakuaga, kwamba kompyuta zao ziliwaacha wagonjwa zikaja kumtafuta yeye, na kwamba alimwandika mwanawe kuwa amekufa ili ziondoke. Wengine walikuwa wameanza kumkasirikia, na wengine walikuwa wameanza kumshukuru Mungu kwa ajili ya mtoto. Kuna waliofanya yote mawili.

Elifuraha alipita kati yao. Hakuwa na haraka tena, na ndivyo Nakijwa alivyojua. Wale watatu wa zahanati wazima, alisema. Mwalimu hapana. Pafu lake linafanya kazi vizuri, linavuta na kutoa, Mama Nanzighe hataki lizimwe bado. Lakini moyo ulikuwa umesimama kabla halijaanza.

Kisha mwenyekiti akasema kuni zibebwe, zipelekwe ng'ambo.

Mwanamume mmoja aliinama kuuchukua mzigo wa kwanza, na Nakijwa akamwondoa mkono. Alijitwika mwenyewe. Tulimfuata na unga na maharage, tukavuka mfereji mmoja nyuma ya mwingine. Namkunda alibaki mlangoni akitutazama, anapumua vizuri kuliko sisi tuliokuwa tunapanda.

Mama Nanzighe alikuwa kibarazani, kwenye kigoda kilekile. Nakijwa alitua kuni, akapiga magoti.

"Jana ulipoondoka na ile chumvi," Mama Nanzighe alimwambia, "alisema umekuja kuaga ukashindwa. Akasema tusifunge mlango, utarudi."